Kubadilisha rejeta mwenyewe: boliti ni chache, kazi iko kwenye kutoa hewa

Rejeta ya kwanza niliyobadilisha kwa mikono yangu ilinichukua saa tatu, kuitoa ya zamani na kufunga mpya. Nikajaza maji hadi mdomoni, nikafunga mfuniko, nikaingia barabarani nikiamini kazi imekwisha. Dakika kumi na tano baadaye, nikiwa napanda mlima, mshale wa joto ambao siku zote hutulia katikati ulianza kupanda mbio, huku hita niliyoiwasha kwenye joto kali ikipuliza hewa baridi. Rejeta ilikuwa mpya na haikuvuja popote. Tatizo lilikuwa hewa, imejikusanya ndani ya injini mahali ambapo maji yalipaswa kuwa. Nilizima gari mapema, silinda hedi (kichwa cha injini) ikapona.

Tangu siku hiyo nimebadilisha nyingine nne, za gari langu na za ndugu zangu. Kufungua na kufunga boliti ni kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira ataiweza. Sehemu ninayoipa muda mrefu kuliko zote ni kujaza, na ndiyo hiyo ambayo maelekezo mengi huipitia kwa mstari mmoja.

Je, mgonjwa ni rejeta kweli?

Gari kuchemsha hakutoshi kuihukumu rejeta. Mfuniko ambao mpira wake umekakamaa, themostati (vali inayoachia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata joto) iliyokwama ikiwa imefunga, feni isiyozunguka na pampu ya maji iliyochoka, vyote huleta joto lilelile. Nimeona mtu akinunua rejeta mpya wakati kilichokufa ni fyuzi ya feni.

Kwenye gari langu, lenye silinda 4 na giaboksi ya otomatiki, dalili ilikuwa ndogo na ya kimya. Kila wiki maji ya tanki la akiba yalishuka kiasi cha upana wa kidole. Chini ya gari hapakuwa na dimbwi, kwa sababu tone likiangukia kwenye kitu cha moto hukauka hapohapo. Nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha, asubuhi nikakuta alama mbili za unyevu upande wa kushoto. Nilipomulika kwa tochi nikaona ukoko wa kijani, mkavu kama chumvi, pale tangi la plastiki linapokutana na alumini. Rejeta nyingi za sasa zimeundwa hivyo: katikati kuna mirija na mapezi ya alumini, pembeni au juu na chini kuna matangi ya plastiki, na kati yake umebanwa mpira mwembamba. Kwa miaka ya kupata moto na kupoa, plastiki hukauka na mpira hupoteza uhai. Mahali pakianza kuvuja hivyo, hapana dawa ya kudumu. Zile unga na maji ya kuziba matundu yanayomiminwa ndani siyatumii kabisa, maana hayachagui tundu la kuziba. Huziba pia mirija myembamba ya hita.

Kabla ya kununua chochote, washa injini ikiwa baridi uiache ipate joto, kisha gusa kwa uangalifu mpira wa juu na mpira wa chini wa rejeta, yaani mabomba ya mpira yanayopitisha maji. Wa juu ukiwa wa moto na wa chini ukabaki baridi muda mrefu, shuku themostati kwanza, kisha rejeta iliyoziba. Washa kiyoyozi uone kama feni inazunguka; kwenye magari mengi ya feni za umeme inapaswa kuzunguka. Mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, au povu zito jeupe chini ya mfuniko wa oili ya injini, mara nyingi ni habari ya gasketi ya silinda hedi (kiziba kilicho chini yake), na rejeta mpya haitaitibu. Na kwa wenye otomatiki: ukikuta maji ya rejeta yamekuwa uji wa rangi ya waridi, kipoza oili kilicho ndani ya rejeta kimepasuka na maji yameshaingia kwenye giaboksi. Usiliendeshe gari hilo hata kidogo, kwa sababu giaboksi yenyewe sasa inahitaji kusafishwa.

Kabla hujashika spana

Nenda na picha na vipimo vya rejeta yako, na ikiwezekana rejeta yenyewe. Gari la aina moja la mwaka mmoja laweza kuwa na rejeta mbili tofauti: ya otomatiki ina vidomo viwili vya ziada vya oili ya giaboksi, ya gia za mkono haina. Linganisha upana, unene, vipenyo vya midomo, matundu ya kufungia kava ya feni, na vile vichomozi vya chini vinavyokaa kwenye mipira. Dakika tano za kulinganisha zinakuokoa na kurudi nyumbani na kitu kinachokosa kukaa kwa sentimita moja.

Pamoja na rejeta mimi huchukua mfuniko mpya. Namba iliyoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1, ni kiasi cha shinikizo ambacho mfuniko unashikilia, na iwe ileile ya gari lako. Shinikizo hilo lina kazi kubwa. Maji ambayo yakiwa wazi yangechemka kwa nyuzi joto 100, chini ya shinikizo la bar 1 juu ya lile la kawaida hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Mfuniko uliochoka unakuibia nyuzi 20 za usalama bila kukupa ishara. Nachukua pia themostati na gasketi yake, kwa kuwa maji yameshamwagwa, na mipira kama ya zamani ina mipasuko au inabonyea kama sifongo.

Wapo wanaoitoa themostati na kuendesha bila hiyo. Naomba usifanye hivyo. Injini inabaki baridi, inakula mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Isitoshe, kwenye injini kadhaa themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, kwa hiyo isipokuwepo maji huzunguka ndani kwa ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo.

Vifaa ni vya kawaida: racheti na soketi namba 10, 12 na 14, koleo, bisibisi, beseni la lita 10, faneli, matambara, glavu, miwani ya kukinga macho, na vipande viwili vya boksi vyenye ukubwa wa rejeta.

Kumwaga

Mimi huanza asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima. Usifungue mfuniko wa rejeta yenye moto, hata kwa tambara nene, hata kidogokidogo. Maji ya nyuzi 110 yaliyo chini ya shinikizo yanaonekana yametulia. Shinikizo likiondoka, sehemu yake inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki usoni mwako.

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, kisha ondoa waya hasi wa betri. Feni za umeme kwenye baadhi ya magari zinaweza kuwaka zenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako, na vidole vitakuwa palepale. Ukilazimika kuinua gari, weka stendi imara chini yake. Jeki ni ya kuinulia tu, haiaminiki kushikilia gari wakati mtu yuko chini.

Ondoa kava la plastiki la chini ya injini, weka beseni, legeza koki iliyo chini ya rejeta. Fungua koki mfuniko wa juu ukiwa bado umefungwa: maji yatatoka taratibu na hayatakurukia. Beseni likikaa sawa, ndipo ufungue mfuniko na maji yatoke kwa kasi. Koki nyingi ni za plastiki na hukatika, kwa hiyo nazungusha kwa vidole. Ikigoma, naiacha nivue mpira wa chini badala yake.

Pima kilichotoka. Hili ndilo jambo dogo ninalolisisitiza kuliko yote katika hatua hii. Mimi humimina kwenye chupa za lita na kuandika kwenye daftari la gari. Utalihitaji baadaye, utaona.

Kulanti, ile dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, kwa kawaida ina ethilini glikoli, ambayo ni tamu mdomoni. Mbwa na paka huilamba, na mtoto akiikuta kwenye chupa ya kinywaji ataionja. Kiasi kidogo kinaharibu figo na kinaweza kuua. Funika beseni kila unapoondoka, futa kila tone, na uhifadhi ya zamani kwenye chombo kilichofungwa na kuandikwa SUMU hadi uipeleke panapopokelewa oili chafu na kemikali. Usiimwage mtaroni wala kwenye udongo.

Kuitoa

Piga picha kwanza. Piga nyingi: waya zimepita wapi, klipu zimeelekea upande gani, kipande kipi kiko juu ya kipi. Binti yangu ndiye anayenishikia tochi na kupiga picha, na mara mbili picha zake zimeniambia waya ulipitia nyuma ya kava, wakati mimi ningeapa ulipita mbele.

Bana klipu za mipira ya maji kwa koleo, zirudishe nyuma kwenye mpira, kisha zungusha mpira kushoto na kulia mpaka uachie ndipo uvute. Ukigandamana, na una mpya, ukate kwa kisu kwa urefu na kuubandua. Usichokonoe kwa bisibisi upande wa injini: mdomo wa nyumba ya themostati ukichubuka, mpira mpya utavuja hapo.

Kwa otomatiki, fuata mabomba mawili membamba ya oili ya giaboksi. Kama yameunganishwa kwa mipira, weka alama ya juu na ya chini, yachomoe, na uyazibe mara moja kwa boliti safi inayoingia kwa kubana, ili vumbi lisiingie. Kama ni nati kwenye bomba la chuma, tumia spana mbili: moja ishikilie kiungo kwenye rejeta, nyingine ifungue nati. Bila ya kushikilia, utalisokota bomba. Pima pia oili iliyomwagika, urudishe kiasi hicho cha oili ya aina inayotajwa na kitabu cha gari.

Chomoa plagi za feni, fungua boliti za kava yake, na uinyanyue. Kwenye baadhi ya magari feni na rejeta hutoka pamoja. Kisha fungua vishikizo viwili vya juu. Hapo angalia mbele: kondensa ya kiyoyozi (kipoza gesi chake) imekaa mbele ya rejeta na mara nyingine imefungwa juu yake. Ifungue boliti zake tu na uifunge kwa waya kwenye chuma cha juu kinachobeba kufuli la boneti. Mabomba yake usiyaguse. Ndani mna gesi yenye shinikizo kubwa, na ikikupuliza inagandisha ngozi.

Weka vipande vya boksi mbele na nyuma ya rejeta, inyanyue wima. Chini imekaa kwenye mipira miwili midogo, na mmoja hupenda kutoka umeng’ang’ania rejeta na kwenda nayo kwenye taka. Itafute yote miwili kabla hujasonga mbele.

Kufunga mpya

Laza rejeta mbili sambamba na uhamishe kila kitu: mipira, vishikizo, kihisi joto kama kipo, pamoja na pete mpya ya kuzibia (washa). Toa vizibo vya plastiki kwenye midomo yote. Angalia kwamba koki ya mpya imefungwa. Huenda imekuja imelegezwa.

Ishushe polepole mpaka vichomozi viingie kwenye mipira ya chini. Ikikaa vizuri, inatikisika kidogo ukiisukuma, na ndivyo inavyotakiwa. Mipira ile inameza mtikisiko wa injini; ukiibana rejeta ikawa ngumu kabisa, alumini itapasuka. Boliti za namba 10 zinazoingia kwenye plastiki nazikaza kwa kushika racheti karibu na kichwa chake, kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu.

Mpira uingie hadi mwisho, na klipu ikae nyuma ya ule ukingo ulioinuka kwenye mdomo, isikae juu yake. Ukiwa mgumu kuingia, ulainishe kwa kulanti kidogo. Oili na grisi huvimbisha mipira hii. Gundi ya silikoni kwenye mpira wa rejeta sijawahi kuihitaji. Mdomo safi na klipu nzuri vinatosha.

Kujaza, na hapa tulia

Kwanza aina. Rangi ya kulanti haikuambii chochote cha uhakika, kwa sababu kila mtengenezaji hutia rangi aipendayo. Fuata kitabu cha gari. Aina mbili zisizopatana zinaweza kugeuka utelezi mzito na kuziba mirija mipya. Maji ya kuchanganyia yawe yasiyo na chumvi, kama yale ya kuongezea betri (maji, si asidi).

Usidhani kulanti tupu ni bora kuliko mchanganyiko. Glikoli tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, na huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, wakati mchanganyiko wa nusu kwa nusu unavumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri.

Sasa rudi kwenye daftari. Gari langu hubeba lita 6. Baada ya kusafisha njia zote kwa maji na kumwaga, zilitoka lita 4. Lita 2 za maji matupu zimebaki ndani ya injini na hita. Nikitaka nusu kwa nusu, lita 3 kati ya 6 ziwe kulanti. Basi natia lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha lita 1 ya maji. Ningetia lita 4 za ile iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, ningekuwa na lita 2 tu za kulanti ndani ya 6, yaani theluthi, na wala nisingejua.

Ukiweza, egesha pua ya gari ikiwa juu kuliko mkia, ili mdomo wa kujazia uwe mahali pa juu kabisa, hewa hupanda. Rudisha waya wa betri, weka hita kwenye joto la mwisho. Gari lako likiwa na skrubu ndogo ya kutolea hewa karibu na themostati, ilegeze mpaka maji yatoke bila mapovu, kisha ifunge. Mimina polepole. Mimi hutumia dakika mbili au tatu kwa kila lita, na kila baada ya kumimina nabonyeza mpira wa juu kwa mkono mara kadhaa. Utasikia hewa ikigugumia na kuona kina kikishuka. Ongeza. Bonyeza tena.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi, nje kwenye hewa. Moshi wa eksozi ndani ya chumba kilichofungwa unaua bila harufu ya kukuonya. Simama pembeni, uso mbali na mdomo wa rejeta, kwa sababu hewa ikitoka ghafla hurusha maji. Kwa dakika nyingi hakuna kinachoonekana kutokea. Hapa ndipo watu hufunga mfuniko na kuondoka, na hapa ndipo mimi nilipokosea mara ya kwanza. Themostati bado imefunga. Nyingi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, na nyuma yake kuna hewa ambayo haina pa kupita. Ikifunguka, kina kinashuka mara moja, mapovu makubwa yanatoka, na mipira yote miwili inakuwa ya moto. Naupenda sana wakati ule. Ni kama gari linavuta pumzi. Ongeza maji, na ubaki hapo.

Subiri feni iwake na kuzima mara mbili. Kanyaga mafuta injini ipande hadi mizunguko 2,000 kwa dakika kwa muda mfupi, achia, angalia kina. Mapovu yakikoma na hita ikapuliza hewa ya moto mfululizo, funga mfuniko, jaza tanki la akiba hadi alama ya juu. Hita ikipuliza baridi wakati injini ina moto, hewa bado imo. Usitoke barabarani, zima, acha gari lipoe kabisa, rudia.

Kama mfuniko wako wa shinikizo uko kwenye tanki la akiba na rejeta haina mdomo, utaratibu ni huohuo, ila unajazia pale.

Mara ya kwanza naendesha dakika kumi karibu na nyumbani, macho kwenye mshale. Kwa otomatiki, hapo ndipo napima oili ya giaboksi kama kitabu kinavyoelekeza. Kisha naliacha gari lipoe usiku kucha. Asubuhi tatu mfululizo, kabla ya kuwasha, nafungua mfuniko na kuangalia kina. Siku ya kwanza huwa kimeshuka kidogo, labda nusu glasi, kwa hewa iliyotoka usiku, naongeza. Kava la chini ya injini silirudishi katika siku hizo, ili boksi lililotandikwa lionyeshe kila tone. Asubuhi ya tatu, kina kikiwa palepale na boksi likiwa kavu, ndipo ninapolifunga kava kwa boliti zake zote.